Njeo Timilifu Iliyopita ya Kiingereza na Mfuatano wa Matukio katika Tafsiri ya Ushahidi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kazi ya njeo timilifu iliyopita katika Kiingereza, yaani ile inayoundwa kwa kitenzi kisaidizi "had", na yanachunguza yanayotokea njeo hiyo inapokutana na Kiswahili katika kumbukumbu za mahakama. Inadaiwa kwamba njeo hii haionyeshi ukale wa tukio, wala haihitajiki kwa sababu tu tukio moja lilitangulia jingine. Huonyesha kwamba msimulizi amerudi nyuma ya pale simulizi yake ilipokuwa imefika. Umbo la Kiswahili linalochukuliwa kuwa kisawe chake, "alikuwa ame-", hufanya kazi hiyo lakini hufanya na nyingine, na wasiozitenganisha wanaweza kubadili maana ya ushahidi bila kukosea neno hata moja la msamiati.

1.0 Utangulizi

Chukuliwe mfano wa mashahidi wawili, uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Wa kwanza anasema: "Polisi walipofika, mshtakiwa alikimbia." Wa pili anasema: "Polisi walipofika, mshtakiwa alikuwa amekimbia." Kauli ya kwanza inamwonyesha mtu aliyewaona askari akatoka mbio, na mwenendo wa namna hiyo, ukiungwa mkono na ushahidi mwingine, unaweza kuhesabiwa dhidi yake. Kauli ya pili haisemi alikimbia kwa sababu gani. Huenda alikuwa akiukimbia umati uliotaka kumpiga. Kwa Kiingereza kauli hizo ni "When the police arrived, the accused ran away" na "When the police arrived, the accused had run away". Tofauti yote imebebwa na "had" na umbo la kitenzi linaloifuata. Mwandishi wa kumbukumbu akiliacha neno hilo, au akiliweka pasipostahili, anayesoma mwenendo wa shauri katika ngazi ya rufaa hana njia ya kujua.

Miradi ya kukuza Kiswahili katika utawala na sheria imejishughulisha zaidi na istilahi: nini kiitwe dhamana, nini kiitwe rehani, nini kiitwe zuio. Kazi hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, mkalimani anaweza kujua istilahi zote za sheria na bado akapotosha mpangilio wa matukio, kwa kuwa mpangilio huo haukai katika nomino bali katika viambishi vya vitenzi.

2.0 Kanuni ya darasani na upungufu wake

Kanuni inayofundishwa kwa wingi ni kwamba yakitokea matendo mawili wakati uliopita, lililotangulia liwekwe katika timilifu iliyopita na lililofuata katika wakati uliopita wa kawaida. Ni kanuni nyepesi kukariri, nayo si sahihi. Sentensi "He got up, washed and went to work" ina matendo matatu yaliyopita, mawili kati yake yalitangulia la mwisho, na hakuna linalohitaji "had". Msikilizaji wa lugha yoyote huchukulia kwamba matukio yalifuatana kama yalivyotajwa. Labov na Waletzky, katika uchambuzi wao wa simulizi wa mwaka 1967, walikifanya kipengele hiki kuwa kitambulisho cha simulizi yenyewe: vishazi vya simulizi ni vile ambavyo mpangilio wake ukigeuzwa, mfuatano wa matukio unaoeleweka nao hugeuka.

Haja ya "had" huanza pale msimulizi anapouvunja mpangilio huo. "She went home. She had locked the shop." Hapa kwenda nyumbani kumetajwa kwanza ingawa kufunga duka kulitangulia, na bila "had" msomaji angedhani duka lilifungwa baada ya mwenyewe kufika nyumbani, jambo ambalo lingemshangaza. Lakini katika "After she locked the shop, she went home", kiunganishi "after" kimekwisha kueleza kinachotakiwa. Kuongeza "had" hapo si kosa, ila hakuongezi habari. Husisitiza tu kwamba tendo lilikamilika. Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni ya matendo mawili hujaza insha yake "had" kila mahali, na msomaji hushindwa kutambua ni lini hasa simulizi imerudi nyuma.

Kosa jingine ni kulihusisha "had" na ukale. Jina la zamani la njeo hii limechangia, maana wanasarufi wa Kilatini waliiita plusquamperfectum, "zaidi ya timilifu", na "zaidi ya timilifu" husikika kirahisi kama "zamani zaidi". Umbali hauhusiki. Ujenzi wa piramidi za Misri, uliofanyika maelfu ya miaka iliyopita, huelezwa kwa wakati uliopita wa kawaida, ilhali mtu aliyeketi sekunde tatu kabla simu haijalia husema "I had just sat down when the phone rang". Kiingereza chenyewe kiliishi muda mrefu bila kutegemea umbo hili: katika Kiingereza cha Kale, wakati uliopita wa kawaida ukiambatana na kielezi chenye maana ya "kabla" uliweza kutosha. Njeo hii basi ni chombo ambacho lugha ilijitengenezea kwa kazi maalumu, na kazi hiyo ni kurudi nyuma.

3.0 Nukta tatu za wakati

Maelezo yanayofaa zaidi kwa walimu na wafasiri bado ni yale ya Hans Reichenbach katika kitabu chake Elements of Symbolic Logic cha mwaka 1947. Reichenbach alitenga nukta tatu: wakati wa tukio, wakati wa usemaji, na kati yao wakati wa rejeo, yaani mahali ambapo msemaji amesimama kimawazo akilitazama tukio. Katika "ran" rejeo na tukio viko pamoja, vyote kabla ya usemaji. Katika "has run" rejeo liko pamoja na usemaji. Tukio linatazamwa kutoka sasa. Katika "had run" nukta zote tatu zimeachana: tukio kwanza, rejeo baadaye, usemaji mwisho.

Faida ya mtazamo huu ni kwamba unamlazimisha mtumiaji kuuliza swali ambalo kanuni ya darasani hailiulizi: msimulizi amesimama wapi? Katika mfano wa polisi amesimama pale polisi walipofika, na kutoka hapo anatazama nyuma.

Mtazamo huu unafichua pia utata ambao wasomaji wa kumbukumbu za kesi wanapaswa kuufahamu. Sentensi "He had left at six" ina maana mbili. Huenda saa iliyotajwa ni ya tukio, yaani aliondoka saa hiyo. Huenda ni ya rejeo, yaani saa hiyo ilimkuta ameshaondoka, pengine tangu saa nyingi. Kwa mshtakiwa anayedai kwamba hakuwepo mahali pa tukio, maana hizo mbili ni mambo mawili kabisa. Kiswahili huwa na nafasi nzuri ya kuzitenga: "Aliondoka saa kumi na mbili" haina shaka, na "Ilipofika saa kumi na mbili alikuwa ameshaondoka" nayo haina shaka. Mkalimani akizitia zote mbili katika "He had left at six" amefuta tofauti ambayo shahidi aliitoa waziwazi.

4.0 Kiswahili kinavyosonga mbele na kinavyorudi nyuma

Kiswahili kina kiambishi cha kusonga mbele ambacho Kiingereza hakina. "Aliamka, akaoga, akala, akaondoka." Kitenzi cha kwanza hubeba -li- na kuuweka wakati, vinavyofuata hubeba -ka-, na kila kimoja hulisogeza rejeo hatua moja mbele. Kiambishi hiki hakirudi nyuma. Aliyesema "akala, akaondoka" hawezi kueleweka kuwa mtu aliondoka kwanza. Kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili hutoa ulinzi wa mfuatano katika kila kitenzi, ambapo Kiingereza huutegemea mpangilio wa maneno na kiunganishi "and", kiunganishi ambacho hakina wakati ndani yake.

Kurudi nyuma, Kiswahili hutumia vitenzi viwili, kila kimoja na kiambishi chake cha nafsi: "alikuwa ameondoka". Umbo hili ni wazi kuliko la Kiingereza. "Alikuwa" humsimamisha msikilizaji katika wakati uliopita. "Ameondoka" humwambia kwamba, kutoka hapo, tukio liko nyuma. Badili kitenzi cha pili na mtazamo unabadilika huku kituo kikibaki palepale: "alikuwa akiondoka", "alikuwa anaondoka". Nadharia ya Reichenbach inaweza kufundishwa kwa mwanafunzi wa sekondari kwa maumbo haya tu, bila mchoro wowote, na inashangaza kwamba masomo ya Kiingereza katika kanda hii huiruka hazina hiyo na kuanza upya kana kwamba mwanafunzi hajawahi kusikia njeo.

Msimulizi akisharudi nyuma, Kiswahili humruhusu kuendelea kwa -ka-: "Alikuwa ameondoka alfajiri, akapanda basi, akafika Morogoro saa nne." Umbo la kwanza limeshaeleza kwamba sehemu hii yote ni ya nyuma. Kiingereza hufanya jambo linalofanana: katika simulizi ndefu ya kurudi nyuma, waandishi wake huweka "had" mara moja au mbili mwanzoni, kisha hurejea kwenye wakati uliopita wa kawaida. Mfasiri anayetia "alikuwa ame-" katika kila kishazi kwa kuwa anaogopa kuupoteza mfuatano huzalisha Kiswahili kizito kisichozungumzwa na mtu.

Ipo pia "kabla", ambayo katika Kiswahili huandamana na ukanushi: "kabla polisi hawajafika". Kiingereza husema "before the police arrived", bila ukanushi. Anayefuata umbo neno kwa neno atamfanya shahidi aseme kwamba polisi hawakufika kabisa. Kosa hili angalau hujitangaza lenyewe, kwa kuwa sentensi inayotokea haina maana. Linalofuata halijitangazi.

5.0 Mtu aliyeshika panga

Shahidi anasema: "Nilipoingia, mshtakiwa alikuwa ameshika panga." Umbo ni lile lile la "alikuwa ame-". Mwandishi aliyejifunza kwamba umbo hilo ni sawa na "had" ataandika "When I entered, the accused had held a machete". Sentensi hiyo ya Kiingereza inampa msomaji picha ya mtu aliyewahi kushika panga, na ambaye shahidi alipoingia huenda alikuwa amekwisha kuliweka chini. Shahidi alisema kinyume chake. Panga lilikuwa mkononi, naye aliliona. Tafsiri stahiki ni "was holding a machete".

Chanzo cha tatizo ni tabia ya -me- yenyewe. Kwa vitenzi vya tukio kama ondoka, vunja na uza, -me- huonyesha tendo lililokamilika. Kwa vitenzi vinavyomwingiza mtu katika hali fulani, -me- huonyesha kwamba hali hiyo ipo. "Amelala" si mtu aliyemaliza kulala, bali aliye usingizini. Ndivyo ilivyo kwa amekaa, amesimama, amevaa, amejificha, amelewa, ameshika, amebeba. Vinapoingia baada ya "alikuwa" hutoa hali iliyokuwepo wakati wa rejeo, na Kiingereza hukieleza kitu hicho kwa "was asleep", "was wearing", "was drunk", na kadhalika. Timilifu iliyopita hapo inaiondoa hali hiyo machoni pa shahidi na kuisukuma nyuma ya wakati aliouona.

Orodha ya vitenzi hivyo si ndefu, lakini karibu kila kimoja ni kitenzi cha mashauri ya jinai. Nani alikuwa amesimama wapi. Nani alikuwa amevaa nini, na hapo ndipo utambuzi wa mshtakiwa unapopimwa. Nani alikuwa amelewa. Baadhi hubeba maana zote mbili: "alikuwa amekufa" ni "was dead" na pia "had died", na kwa bahati nzuri hapo tofauti ni ndogo. Kwa "alikuwa amefunga mlango" tofauti si ndogo hata kidogo, kwa sababu mlango uliofungwa na mshtakiwa dakika kumi nyuma huenda ulikwisha kufunguliwa na mtu mwingine.

Kiswahili kina njia ya kuondoa utata. Kiambishi -sha-, au kitenzi kisaidizi "kwisha" ambacho ndicho asili yake, hulazimisha maana ya tukio lililotangulia: "alikuwa ameshashika panga", "alikuwa amekwisha kulala". Shahidi anapokitumia, "had" pamoja na "already" hustahili. Asipokitumia na kitenzi ni cha hali, mwelekeo wa kwanza uwe kwenye hali.

Nchini Tanzania suala hili limekuwa na uzito wa pekee. Kwa miongo mingi, nje ya mahakama za mwanzo, mashahidi wengi walisema kwa Kiswahili huku kumbukumbu zikiandikwa kwa Kiingereza na hakimu mwenyewe, papo hapo, kwa mkono. Hakimu alikuwa mfasiri bila kuitwa mfasiri. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi kwa kawaida uandikwe kwa mtindo wa simulizi badala ya swali na jibu, na hilo linaongeza mzigo wa njeo, kwa kuwa majibu mafupi yaliyotolewa kwa maswali yaliyorukaruka yanapaswa kuunganishwa kuwa habari moja yenye mfuatano. Shahidi aliyejibu kuhusu jioni, kisha kuhusu asubuhi, kisha tena jioni, huandikwa kama mtu aliyesimulia siku yake. Mahali pa kuweka "had" na pa kuiacha panaamuliwa na mwandishi.

6.0 Usemi wa taarifa

Hukumu huuleza upya ushahidi kwa usemi wa taarifa, na hapo Kiingereza kina kanuni ya kuzisogeza njeo nyuma. Shahidi aliyesema "I saw him", aliyesema "I have seen him" na aliyesema "I had seen him" wote watatu wanaweza kuandikwa "the witness said that he had seen him". Kauli tatu zenye rejeo tofauti zimekuwa moja. Hapa "had" haionyeshi mfuatano wa matukio katika maisha ya shahidi. Inaonyesha tu kwamba kuona kulitangulia kusema, jambo ambalo hakuna aliyelishuku.

Kiswahili hakina usogezaji huo. "Shahidi alisema alimwona", "alisema amemwona" na "alisema alikuwa amemwona" hubaki tatu. Kwa sababu hiyo, mfasiri anayeirejesha hukumu ya Kiingereza katika Kiswahili hana budi kuchagua, na matini anayoitafsiri haimwambii achague lipi. Kanuni ya tahadhari inayopendekezwa hapa ni kutumia -li- ya kawaida pale ambapo hakuna kielezi wala kishazi kingine kinachothibitisha rejeo la ziada. "Alikuwa amemwona" lisiwekwe kwa sababu tu ya "had". Liwekwe pale ambapo mwenendo wa shauri unaonyesha kwamba shahidi mwenyewe alirudi nyuma.

7.0 Ushahidi kupitia lugha jirani

Nje ya mwambao na Tanzania bara, ushahidi mara nyingi huwa na lugha ya tatu. Kinyarwanda hutenganisha wakati uliopita wa siku ya leo na wakati uliopita wa jana kurudi nyuma; Kirundi na Kiganda pia hupambanua umbali wa wakati uliopita kwa umbo la kitenzi. Kwa msemaji wa lugha hizo, kishawishi cha kulinganisha umbo la wakati wa mbali na "had" ya Kiingereza, au na "alikuwa ame-" ya Kiswahili, ni kikubwa, kwa kuwa ndiyo maumbo yanayoonekana kuwa "ya nyuma zaidi". Ni ulinganisho wa uongo. Umbali hupimwa kutoka wakati wa usemaji. Timilifu iliyopita hupimwa kutoka wakati wa rejeo.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ililikuta suala la lugha katika kesi yake ya kwanza kufikia hukumu, ile ya Jean-Paul Akayesu iliyoamuliwa tarehe 2 Septemba 1998. Mashahidi wengi walisema kwa Kinyarwanda, na maneno yao yakakalimaniwa katika lugha rasmi za mahakama, Kifaransa na Kiingereza. Katika hukumu yake mahakama ilikiri kwamba sintaksia na njia za kawaida za kujieleza za Kinyarwanda zilikuwa changamoto kubwa kwa ukalimani, ikamsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, na ikaeleza kwamba mashahidi wengi walipata ugumu kutaja tarehe, saa na umbali. Ilizingatia tafsiri pia ilipopima tofauti kati ya maelezo yaliyoandikwa na wachunguzi na ushahidi uliotolewa mahakamani. Istilahi kama Inkotanyi na Inyenzi ndizo zilizojadiliwa kwa kirefu zaidi, na kwa haki, maana zilibeba uzito wa kisiasa. Lakini shahidi asiyetaja tarehe wala saa hubaki na njia moja tu ya kuyapanga matukio yake, nayo ni vitenzi vyake na viunganishi vyake. Penye kalenda pungufu, njeo ndiyo kalenda.

8.0 Mwelekeo uliogeuka

Marekebisho ya sheria yaliyofanywa Tanzania mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kuruhusiwa pale maslahi ya haki yanapohitaji. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika mahakamani haki ya mkalimani bila malipo. Maana yake kwa wafasiri ni kwamba mzigo sasa unakwenda pande zote mbili. Hukumu za miongo iliyopita zimejaa "had" za usemi wa taarifa, na nyingi kati yake zitahitaji kusomwa kwa Kiswahili.

Mafunzo ya wakalimani yanaweza kulishughulikia jambo hili kwa gharama ndogo. Somo moja la vitenzi vya hali, jingine la kuitenga "had" ya mfuatano na "had" ya taarifa, na zoezi la kugeuza majibu yaliyorukaruka kuwa simulizi bila kuongeza rejeo ambalo shahidi hakulitoa. Muhimu zaidi ni kumpa mkalimani ruhusa rasmi ya kuuliza. Sheria za mwenendo zinaruhusu shahidi asomewe ushahidi wake kabla haujawa kumbukumbu ya mwisho, usomaji huo ukifanywa kwa Kiswahili kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza, ndio wakati wa kumgeukia shahidi na kumwuliza: "Ulipoingia, panga lilikuwa bado mkononi mwake, au alikuwa ameshaliacha?"